Fatiha ya Mbezi Beach

Nyumba yetu ya Mwananyamala haijawahi kupigwa ngoma. Anayeijua Mwananyamala ataniuliza inawezekanaje, maana mtaa wetu ukikaa wiki mbili bila kigodoro watu huanza kuulizana kulikoni. Lakini ndivyo ilivyo. Wenzangu wote niliocheza nao rede walitolewa kwa matarumbeta, mtaa mzima ukiwa barabarani, wakwe wakitunzana. Mimi nilitolewa kimya, nimejitanda kanga, kama mtu anayepelekwa kulazwa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alinitania hadi anakufa kwamba alipewa mke kwa mlango wa nyuma.

Sababu ni kwamba nyumba yetu imo matangani. Babu yake mama alinyongwa na Wajerumani kwao Uzaramo, wakati wa vita vya Majimaji, kwa kuwa aligoma kupeleka watu wake kwenye shamba la pamba la serikali. Mkewe alipokwenda kuichukua maiti aliikuta haina kichwa. Kichwa kilikuwa kimeshatiwa sandukuni kupelekwa kwao Ulaya kikapimwe na wataalamu wao. Wakazika kiwiliwili. Desturi ya kwetu ni kwamba watu wakishazika hulala matanga, husoma hitima, hula, kisha siku ya kuanua wakubwa wa ukoo husema msiba umekwisha, kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Yule bibi alikataa kuanua. Alisema hawezi kuanua tanga la mtu ambaye kichwa chake bado kiko safarini. Akafa halijaanuliwa, akamwachia mwanawe, naye akamwachia mama.

Kwa hiyo mimi nimezaliwa matangani, nikakulia matangani na sasa ninazeekea humo. Watu husema mila ni nzuri. Waje waishi nayo.

Mama anakaribia kuuacha ulimwengu na anajua. Miguu imevimba, anatembea kwa kushika ukuta. Anachotaka ni kimoja tu, kichwa kirudi, kizikwe na mwili wake, aanue tanga kwa mdomo wake mwenyewe kabla hajaondoka. Hataki kuniachia mimi. Aliniambia waziwazi siku moja ninamkanda miguu: "Sitaki nikuachie mzigo huu. We ulishaolewa kama mwizi, yatosha."

Sasa kaka yangu. Kaka ndiye mkubwa, ndiye msomi, na anakaa Mbezi Beach kwenye nyumba yenye geti linalofunguka lenyewe. Alifundisha historia chuoni mpaka akastaafu. Mimi nilifundisha darasa la pili Temeke mpaka nikastaafu, na nyumba niliyobaki nayo ni hii hii ya mama. Sisemi kwa wivu. Au ninasema kwa wivu, lakini haya mengine ni ya kweli pia.

Kaka ana kitu chake kimoja anachokipenda kuliko hata chakula, nacho ni mapinduzi ya Wajerumani ya mwaka 1848. Kila Idi ilikuwa lazima tuyasikie. Tunakula pilau, yeye anatueleza jinsi watu wa Berlin walivyojenga vizuizi barabarani, mafundi na wanafunzi, wakitaka katiba, magazeti huru na bunge lao. Mfalme akatuma askari wakawaua. Halafu umma ukazibeba zile maiti hadi uani kwa mfalme, ukamlazimisha atoke barazani avue kofia mbele ya maiti hizo. Wawakilishi kutoka nchi zote za Kijerumani wakakutana kanisani huko Frankfurt, wakaandika katiba, wakampelekea mfalme taji. Mfalme akalikataa, akisema taji la kuokotwa matopeni hataki. Askari wakawatawanya wale wabunge, mambo yakaishia hapo.

"Sasa fikirini wangeshinda," kaka alikuwa akisema, kijiko kikiwa hewani. "Fikirini askari wamegoma kupiga risasi, mfalme kalivaa lile taji kwa masharti yao. Yule waziri wao wa damu na chuma, aliyewajengea himaya kwa vita, hapati nafasi, anazeeka shambani kwake anafuga mbwa. Hakuna himaya. Hakuna yule tapeli wa mikataba anayekuja bara kuwasainisha masultani karatasi wasizozijua. Babu hanyongwi. Dada anaolewa kwa ngoma."

Wageni walicheka. Mama hakucheka. Mara ya kwanza alipoisikia habari ya kofia, aliweka sahani chini na kumuuliza kaka airudie, kama kweli mfalme mzima alivua kofia. Kaka akathibitisha.

"Basi wanajua heshima ya maiti," mama alisema. "Kwao mfalme alivua kofia. Kwetu wakavua kichwa."

Kaka akaiandika kauli hiyo palepale kwenye simu yake. Baadaye niliisikia ikisemwa kwenye mhadhara wake, bila kutajwa ilitoka kwa nani.

Mradi wa Wajerumani ulikuja kupitia kwake. Waliandaa maonyesho kwenye hoteli moja ya pwani ya Mbezi, kazi yake kuwaomba waandishi wa huku na wa huko watunge historia ambayo haikutokea. Msimamizi wake alikuwa mama mmoja wa Kijerumani mwenye Kiswahili safi, aliyejifunza Unguja. Alikuja kwetu Mwananyamala, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akasema "Shikamoo bibi" na kuinama vizuri. Mama akampenda. Mimi pia nilimpenda, na hilo ndilo linaloniuma zaidi nikimkumbuka.

Alikuwa na picha. Kwenye stoo ya makumbusho moja ya kwao, ambayo sitaitaja, kulikuwa na fuvu lililoandikwa kwa wino juu ya tundu la sikio: Uzaramo. Jina la mtu hapana. Mama aliomba miwani, akaishika ile simu kwa mikono miwili, akatazama muda mrefu.

"Hili paji la baba," alisema. "Baba yangu alikuwa na paji hilihili, na wewe kaka mtu unalo."

Yule mama wa Kijerumani alieleza kwa upole kwamba kuthibitisha ni kazi ngumu, lakini wakubwa wa makumbusho watakuja kwenye maonyesho, na ombi la familia litawekwa mbele yao siku hiyohiyo. Kaka angeandika kisa chake cha 1848, familia ingekuwepo, na wakubwa wangeona kwa macho yao kwamba nyuma ya fuvu kuna watu. Mama akauliza kama ni ahadi. Akajibiwa ni matumaini. Kwa umri wake mama angeweza kutofautisha, lakini hakutaka. Wiki ileile alinituma Kariakoo nikanunue sanda. Muuza duka akaniuliza maiti ni mrefu kiasi gani, nikamwambia anikatie ya mtoto.

Kaka alihamia kwetu kuandika, eti Mbezi Beach hapati utulivu. Aliandikia jikoni kwangu, mimi ninachambua mchicha, yeye ananisomea. Lazima niseme haki, kisa kiliandikwa vizuri. Mimi mwenyewe nililia mahali ambapo babu, mzee wa meno mawili, anamkemea mjukuu wake kwa kumchuna mbuzi vibaya. Mjukuu huyo alikuwa mama.

Siku moja nikamuuliza swali la kijinga, swali la mwalimu wa darasa la pili. Hao waungwana wa kanisani, wapenda uhuru, nikasema, wao walikuwa hawataki meli?

Akacheka mpaka akakohoa. "Ah, umenipata. Walizitaka sana. Bunge lile lile lilipitisha fedha za kujenga manowari, kabla hata hawajamaliza katiba. Na wapo waliosimama humo humo kanisani wakahutubia habari za makoloni, Ujerumani nayo ipate ya kwake."

"Mbona haimo kwenye kisa chako?"

"Nikiitia kisa kinaharibika, dada. Wangeshinda wale, labda meli zingefika huku mapema zaidi. Nani anataka kusikia hayo kwenye hoteli?"

Akaendelea kuandika. Nami nikaendelea na mchicha.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Ndugu zetu wa Kisarawe walikuja na basi lililokodiwa na mradi, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi zikakauka. Mbele walikaa wakubwa wa makumbusho, wanaume kwa wanawake, wamevaa vitenge vipya. Kulikuwa na shehe, aliyealikwa kufungua kwa dua. Kulikuwa na kamera. Mama aliketi safu ya kwanza kwenye kiti cha magurudumu tulichoazima, kwenye mapaja ana mkoba, na ndani ya mkoba ile sanda. Nilimwambia aiache nyumbani. Akaniambia wakishaiona sanda hii hawatathubutu kusema hapana.

Kaka alisoma. Ana sauti nzuri, tangu utotoni alikuwa anasoma maulidi. Mistari ilipita ukutani kwa Kijerumani wakati yeye anaisoma kwa Kiswahili. Berlin, vizuizi, askari waliotupa bunduki, mfalme mwenye taji la watu. Halafu Uzaramo, miaka mingi baadaye, ambako hakuna aliyesikia habari za wageni wa pamba. Babu akaugua, akawaita wanawe, akasema shahada, akakata roho mwenyewe kitandani kwake. Wakamwosha. Wakamvika sanda, mzima, kuanzia utosini hadi nyayoni. Wakamtia mwanandani, wakafukia.

Kaka alikuwa amefika ukingoni mwa ukurasa. Sentensi ya mwisho hapo ilikuwa hivi: "Na mzee aliyesimama upande wa kichwani akainua mikono yake miwili na kusema, Al-Fatiha." Akasoma, akanyamaza, akalamba kidole kugeuza karatasi.

Nani wa pwani hajui kilichofuata? Neno hilo likisemwa kwetu hakuna anayesubiri kuelezwa ni la nani. Unaweza kuwa unampara samaki magamba, utaweka kisu chini. Ukumbi mzima uliinua mikono. Kisarawe yote iliinua mikono, wahudumu wa hoteli waliobeba trei waliziweka chini wakainua mikono, na mimi mwenyewe niliyekitilia shaka kisa kile nilijikuta vidole viko mbele ya uso na mdomo unasoma. Shehe, kwa kuwa ndiyo kazi yake, hakuishia kwenye Fatiha. Aliiunganisha na dua ndefu, Mola amsamehe marehemu, amnawirishie kaburi lake, na awape subira wafiwa. Tukaitikia amina, amina, amina. Kaka amesimama na karatasi yake, mwanzo ameduwaa, kisha naye akainua mikono.

Mama peke yake hakuinua. Alikuwa ameushika mkoba.

Wale wakubwa wa makumbusho walilia. Nasema kweli, walilia machozi, mmoja akamshika mwenzake bega. Mpiga picha alizunguka akizipiga nyuso. Halafu, kwa kuwa ratiba ilisema hivyo, kikaletwa chakula, biriani ya kuku. Watu wakala. Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya, maana kwetu ukishasoma, ukaomba, ukala, kimebaki nini? Mjomba mmoja wa Kisarawe alipita akinawa mikono, akampa mama mkono na kumwambia, kwa nia njema kabisa, "Haya dada, Mungu mkubwa, tanga limeanuliwa."

Ombi letu halikusomwa siku ile. Yule mama wa Kijerumani alisema wakubwa wameguswa mno, si wakati wa kuwatia kwenye mambo ya kiofisi.

Jibu lilikuja baada ya Ramadhani. Kaka alikuja nalo kwenye simu, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha mama, akalitafsiri kwa sauti ya chini. Makumbusho ilishukuru. Ilisema imeshuhudia kwa unyenyekevu familia ikipata njia yake yenyewe ya kumuaga mzee wao kwa taratibu za dini yake. Kwa kuwa fuvu haliwezi kuthibitishwa ni la nani, na kwa kuwa maziko ya kiroho yameshafanyika, litaendelea kutunzwa pale lilipo kwa heshima zote. Picha ya ukumbi wenye mikono iliyoinuliwa wangependa kuitundika ukutani kwao, kama tutaridhia.

"Maziko ya kiroho," mama alirudia.

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"Nani kazikwa?"

Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji, nikaitua. "Mwambie mama habari za manowari," nikasema. "Mwambie hao mashujaa wako wa kanisani walichopitisha. Umeificha kwenye kisa, usimfiche mama yako."

Akamwambia. Alimweleza yote, bunge, fedha za meli, waliohutubia habari za makoloni. Alieleza vizuri hata hapo, ualimu haumtoki mtu. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hata kwenye uongo wako ulikuwa unajua wanakuja," alisema.

"Mama, ilikuwa hadithi."

"Hadithi unamtungia mtoto asiyelala. Mie nilikuwa nimebeba sanda."

Kesho yake alinituma nimwite yule shehe. Alikuja, mtu mstaarabu, akaketi palepale alipoketi kaka. Mama akamwomba ile Fatiha irudishwe. Akataka atangaze msikitini siku ya Ijumaa kwamba haikuwa na maiti, kwamba familia ya fulani bado imo msibani. Shehe alijikuna ndevu. Akaeleza kwamba Fatiha hairudi, bibi, thawabu ikishapelekwa imepelekwa.

"Imepelekwa kwa nani, shehe wangu? Mliyemwombea alikufa kitandani, ana kichwa chake. Huyo mtu hayupo. Wangu yupo kwenye sanduku, na huyo hamkumwombea."

Shehe alisema Mwenyezi Mungu anajua nia. Alipoondoka aliacha soda yake bila kuigusa.

Kaka akaanza kuja kila siku. Analeta matunda kutoka Mabibo, analeta dawa za miguu, analeta habari kwamba ataandika upya, atapeleka malalamiko, atapata mwanasheria. Mama anapokea matunda. Jumamosi moja kaka alikuwa amepiga magoti sakafuni anamfunga bandeji, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya, mama akamwekea mkono kichwani. Nikadhani anamsamehe. Nilitaka kutoka niwaache.

"Mwanangu," alisema, "siku nikifa, utanibeba. Utaingia kaburini unipokee, maana we ndo mkubwa. Lakini wakisema Al-Fatiha, usiinue mikono."

Kaka aliinua uso. "Mama, usinambie hivyo. Mie mwanao."

"Waachie wengine wanisomee. We mikono yako iache chini. Ukinisomea we mkubwa, watakuja watu kutoka huko makumbusho watasema nami nimekwisha, hakuna tena wa kudai."

Mtu asiyelelewa na dini yetu hawezi kujua alichonyang'anywa kaka pale. Mzazi akifa, kinachombakia kwa mtoto ni dua tu. Ndiyo mali, ndiyo urithi, ndiyo mazungumzo yenyewe. Hata mlevi wa mtaa, anayelala mtaroni, hakatazwi kumwombea mama yake. Kaka alilia kama mtoto, kichwa kwenye magoti ya mama, na mama alikuwa anakipapasa, polepole, paji lile. Hakubadilisha neno.

Hajabadilisha hadi leo. Mabarobaro wa mtaa wa pili wanapiga singeli kila Jumapili na mama ananiambia nifunge dirisha. Fuvu liko stoo yake, na ile picha, nasikia, wameitundika hata bila ya sisi kuridhia. Kaka amekonda. Juzi alinivizia jikoni, akaniomba nimwombee kwa mama aruhusiwe kuinua mikono, kwa kuwa mimi mama ananisikiliza, na kwa kuwa siku zenyewe zinaonekana zimebaki chache.

Nikamwambia nitaona. Mama alikuwa macho chumbani, mlango wazi, angenisikia hata ningemwomba palepale kwa kunong'ona. Nikamwongezea kaka chai.